Nilivyomtafuta Karani wa Burma Nairobi

Jumatatu asubuhi, Kimilili. Niliondoka kwa hasira, sitaficha. Kamati ya mji wetu ilikuwa imeagiza jiwe la kusimamishwa sokoni, lichongwe majina ya wanaume wa hapa waliokwenda Vita Kuu ya Pili. Mwenyekiti, Mzee Simiyu, ambaye baba yake alipigana Burma, alisoma majina mbele ya watu. La marehemu baba yangu, Joram Wekesa, halikuwamo. Nilipouliza, akanijibu kwa ule upole unaochoma kwamba baba alikuwa karani, alikaa chini ya paa Nairobi akipiga taipu, na jiwe ni la askari. Kama nina karatasi ya kuonyesha alivuka bahari, niilete Jumamosi fundi akiwa bado kazini.

Karatasi sikuwa nayo. Za baba ziliungua na nyumba nikiwa bado shuleni. Nilikuwa na masimulizi yake tu: jinsi alivyotolewa misheni akiwa kijana, akapanga foleni na wenzake kungoja bunduki, ofisa akauliza nani anajua kuandika vizuri, na yeye kwa kiherehere chake akanyoosha mkono. Akapewa taipureta. Aliibeba hadi Burma, akapiga barua za likizo, za ugonjwa na za vifo. Aliporudi, wazee wa mji wakambandika jina, askari wa kalamu. Alikuwa anacheka nao, kisha akifika nyumbani anakataa chakula. Hilo ndilo lililonipandisha basi la Nairobi, na miaka yangu sitini na sita na magoti yasiyonisikia.

Jioni, Waithaka, Nairobi. Nilipokelewa na Nekesa, binti ya kaka yangu, ambaye hushona sare za shule kwa cherehani mbili sebuleni. Aliniita senge, kama inavyompasa kumwita dada ya baba yake, akanipa ugali na mrenda, kisha akanipa na maoni yake bila kuombwa: kwamba mababu wamekufa, jiwe ni jiwe, na mimi nimetoka mbali kutafuta ugomvi. Nilimwambia anipitishie maji ya kunawa.

Jumanne, katikati ya jiji. Katika makavazi, pale zinapotunzwa nyaraka za zamani, dada mmoja wa dawati aitwaye Akinyi alinisaidia kwa moyo wake wote. Alileta faili, nikafungua, nikapiga chafya, akaleta nyingine. Siku nzima hivyo. Jina la baba halikuonekana popote. Nilirudi Waithaka nimenywea, na Nekesa, tumshukuru Mungu, akanipakulia chakula tu.

Jumatano, saa nne, palepale. Akinyi aliniwekea mezani orodha ya kikosi kimoja kilichokuwa Burma. Nikaanza kuwaona watu wa kwetu, mmoja baada ya mwingine, majina niliyokua nikiyasikia sokoni. Baba yake Mzee Simiyu alikuwa wa sita. Nilishuka na kidole hadi mwisho. Wekesa wangu hayupo. Nilikuwa nafunga faili macho yalipoangukia chini kabisa, kona ya kushoto: GS/jw.

Mwenye macho haambiwi tazama. Mimi nilimpigia mwalimu mkuu barua miaka thelathini, na kila mwandishi wa ofisi wa zamani anajua mambo ya kona ile. Herufi kubwa ni za mkubwa aliyetoa maneno, ndogo ni za aliyekaa kwenye mashine. Joram Wekesa hakuwa kwenye orodha kwa sababu ni yeye aliyekuwa akiipiga. Nilimvuta Akinyi mkono nikamweleza, na yeye akafurahi, lakini akili yake haikupotea kama yangu.

“Mum, hizo ni herufi mbili tu,” akaniambia. “Hao wazee wako watakataa.”

Alikuwa sahihi. Lakini GS nilimjua. Baba alimtaja kila Krismasi: Bwana Gulzar Singh, karani mkuu wake, aliyefungua duka la kutengeneza taipureta jijini baada ya vita. Mimi mwenyewe niliwahi kutumwa huko nikiwa na taipureta ya shule. Nikatoka na nakala ya orodha mkobani, nikafika dukani, nikakuta wanauza simu. Muuzaji aliniita mathe, ndiyo mama ya vijana wa jiji, akanipa kiti, akampigia mwenye jengo. Kumbe ndiye Harjit, mtoto wa Bwana Gulzar, na anakaa Jamhuri, karibu na barabara ya Ngong. Akasema nije kesho, chai itakuwepo.

Alhamisi, Jamhuri. Bwana Harjit ana umri kama wangu, kilemba cheupe, na sauti ya chini. Mkewe alileta chai ya iliki na kachori. Nilisimulia yote, na chai ikapoa. Harjit aliingia ndani, nikasikia droo zikifunguliwa, akarudi na picha moja.

Hema. Bwana mmoja mrefu wa kilemba amesimama. Mbele yake, juu ya sanduku la risasi, taipureta, na kijana amekaa nyuma ya mashine, buti zimejaa matope, masikio yametokeza kama ya kaka yangu. Nyuma ya picha, kwa wino wa bluu: Burma, mimi na karani wangu Joram Wekesa. Nililia mbele ya watu niliowajua kwa nusu saa tu, na sikuona haya hata kidogo. Mama yule alinishika bega. Nikaomba ruhusa niipige picha ile kwa simu.

“Ya nini simu? Chukua hii, dada,” Harjit akasema. “Sisi tumekaa nayo ya kutosha.”

Ijumaa nilirudi Kimilili na bahasha kifuani, sikuiweka hata juu ya kiti.

Jumamosi, sokoni. Fundi alikuwa ameinama kwenye jiwe, na kamati imekaa kivulini mwa kibanda. Nilimpa Mzee Simiyu picha kwanza, halafu orodha. Aliitazama picha, akaigeuza, akasoma. Akachukua orodha, akamkuta baba yake wa sita, na nikamwonyesha kona ile na maana yake. Mzee akasimama, akavua kofia.

“Baba yangu yuko hapa kwa mkono wa baba yako,” akasema. “Nilikukosea, Selina.”

Wanawake wa mboga wakapiga vigelegele, na Nekesa, niliyempigia simu nikiwa palepale, akapiga vyake kutoka Waithaka. Nilikuwa nimetoka kwetu kuthibitisha kwamba baba yangu alikuwa askari kama wenzake. Huko nilikokwenda nilijifunza kwamba nilikuwa nimemwonea haya kidogo, mimi pia, na kwamba hapakuwa na haja.

Fundi akainua patasi. Kila jina pale lilikuwa limetanguliwa na neno Askari, akataka kujua la Wekesa alitangulizie neno gani. Kamati nzima ikanigeukia.

“Andika Karani,” nikamwambia. “Askari mnao wengi.”