Sanda Iliyokwama Kwenye Buti

Gari letu ni la zamani na kasoro zake nimezizoea. Siku tuliyokwenda kumzika mama mkubwa, huko Chinongwe, ilijitokeza moja tu: buti halifunguki. Ndani ya buti kulikuwa na sanda yake.

Haikuwa sanda ya kununua njiani. Mama na dada yake walitunziana sanda tangu wakiwa wanawake wa makamo. Ya dada ilikaa sandukuni kwetu Mtua, ya mama ilikaa Chinongwe, na atakayebaki ndiye angemvisha mwenzake. Utotoni jambo hilo lilinitisha. Siku hizi naliona la kawaida, kama majirani wanavyotunziana mbegu.

Tulipofika, mama aliingia ndani kuosha maiti na wenzake, akaniachia kazi ya kuitoa. Ufunguo ulizunguka bila kushika kitu. Nikavuta kile kishikio cha chini ya kiti cha dereva. Kikalia tak, mfuniko haukuinuka. Shemeji yangu mmoja akaukandamiza huku mimi navuta. Wapi! Nikanusa tundu la ufunguo, nikaelewa. Mafuta ya ufuta. Kwa mama, ufuta hutibu magoti, ngozi ya mtoto na bawaba za mlango, sasa kitasa kina ubaya gani? Vumbi lote la barabara ya Ruangwa lilikuwa limegandia humo, jekundu na zito.

Mama akatoka, maji yakimtiririka viwikoni. Walikuwa wamemaliza kuosha.

"Kilikuwa kinakwaruza," alisema. "Nikaona kina kiu."

Mzee mmoja wa msikitini akasogea, akasema kwa upole, "Mama, bafta ya sanda dukani ipo. Tutume pikipiki, marehemu asicheleweshwe."

Alisema kweli, na mama alijua kuwa ni kweli.

"Mpeni mwanangu nafasi kidogo," akasema. "Akishindwa, tumeni."

Niliogopa, sikatai. Nikaachana na kitasa, nikaingia ndani ya gari. Nikang'oa kiti cha nyuma, nikafungua boliti za egemeo kwa spana, nikapenyeza mkono hadi begani. Nikagusa tairi la spea, nikagusa jeki, kisha kitambaa. Mama alikipokea kwa mikono miwili, akapangusa vumbi ambalo mimi sikuliona, akarudi ndani.

Buti lilifunguka baada ya mazishi, kwa petroli na bisibisi. Sikuwa na haraka nalo tena.

Wakati wa kuondoka, mama alitoka na kifurushi cheupe. Ilikuwa sanda yake mwenyewe, ile aliyotunziwa na dada yake. Nikamwinulia mfuniko wa buti. Hakulitazama, akaniwekea kifurushi mikononi.

"Aliyekuwa ananitunzia ndiye huyo tumemzika," akasema. "Sasa ni wewe. Na humo usiiweke."

Niliendesha mpaka Mtua ikiwa mapajani mwangu.