Lipu ya Marudio

Salvina amewahi kutoa funza kwenye kidonda cha ng'ombe kwa vidole vyake, na ugali akala siku hiyo hiyo. Lakini asubuhi aliyomkuta Edson, mwanawe wa kumzaa, akibandua ukuta wa nyumba kwa sururu, hata chai ilimshinda.

Nyumba ile ya Masumbwe aliijenga marehemu mumewe, Clemens, fundi muashi. Matofali mabichi, ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na baraza mbele yenye nguzo za mviringo ambazo wapita njia walisimama kuzitazama. Lipu aliipiga kwa marudio, mchanga unaobaki baada ya dhahabu kuoshwa. Enzi hizo marudio yalikuwa takataka. Ukifika na mkokoteni, wenyewe wanakushukuru. Fundi gani angeacha mchanga laini wa bure?

Sasa kuna mitambo inayokamua dhahabu kwenye takataka hizo hizo, na madalali wanapita mitaani wakikwangua kuta za watu kwa kucha. Mmoja wao, Nasibu, alikwangua za Salvina bila hata shikamoo. Alimruka mama mwenye nyumba, akaenda kuelewana na mtoto.

Salvina aliwaambia kwamba matofali yale ni udongo mtupu, kinachoyakinga na mvua ni lipu hiyo tu. Edson akamjibu asiwe na wasiwasi, atapiga lipu mpya ya saruji wiki hiyo hiyo. Wakabandua nje, wakabandua ukumbini, wakazivua hata nguzo za baraza. Viroba vikapakiwa, vikaondoka. Saruji haikuonekana. Aliyeonekana ni Edson, juu ya pikipiki mpya, akizunguka mtaa mzima na miwani ya jua. Inatia kichefuchefu hata kusimulia.

Mvua zilipoanza, ukuta wa mbele ulilainika, ukaporomoka pamoja na baraza. Majirani walikuja kutoa pole. Edson, bila haya, akawapokea kwa uso wa msiba, akiwaeleza kwamba nyumba ilikuwa ya zamani, imezeeka, ilikuwa inasubiri siku yake tu.

Salvina alitema mate pembeni.

"Haikuzeeka," akawaambia. "Baba yake aliiacha nzima. Huyu kaichuna ngozi ikiwa hai."

Edson alikuwa bado amenyoosha mkono kupokea pole. Majirani wakampita mmoja mmoja, wakaenda kumshika mkono mama yake.