Uzi wa Gitaa Kwenye Mchuzi wa Wakwe

Aibu ninayo, sikatai. Hata sasa nikipita Kishapu siku ya gulio hakosi mtu wa kuniuliza, uso mkavu kabisa, kama mchuzi umeiva. Basi acheni niusimulie mwenyewe huu mkasa, maana wanaousimulia kwa niaba yangu huongeza chumvi, na chumvi ndicho kitu pekee ambacho sikutia kwenye ile sufuria.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, mimi msichana sijaolewa, na nilikuwa napiga gitaa la umeme. Msichana wa Kisukuma, gitaa la umeme (maneno niliyoambiwa kwa ajili hiyo yangejaza gunia la pamba). Kaka yangu Masanja alirudi nalo kutoka machimbo ya Geita, pamoja na amplifaya ya kutumia betri ya gari, akanifundisha, kisha nikampita, ingawa mwenyewe anabisha mpaka leo. Siku hiyo tulikuwa tupige kwenye harusi ya binti wa shangazi yetu Minza, na wakwe walikuwa wanatoka Kolandoto, watu wa kuvaa soksi.

Asubuhi tukajaribu vyombo, gitaa halina mlio. Sauti inatoka, ila nzito, imezibwa, kama mtu anayeimba amejifunika blanketi. Masanja akakagua betri, akakwangua ncha za waya kwa kisu, akapuliza tundu la kuchomekea, wapi. Akasema tupige hivyo hivyo, wakwe hawatajua tofauti. Mimi nikakataa. Nilikuwa nimesikia kwamba nyuzi kuukuu zikishajaa jasho na uchafu, ukizichemsha zinarudisha ukali wake, na nyuzi mpya mpaka uende Mwanza, basi nikazivua zote, nikaingia jikoni, nikakuta sufuria ya maji yanachemka pembeni, nikazitumbukiza humo bila kumuuliza mtu. Uamuzi mdogo tu.

Wakati wa kuzitoa kwa mwiko, ule uzi mwembamba kuliko yote ukakatika mkiani, pale penye kipete cha shaba kinachoushikilia kwenye gitaa. Nikakitafuta kwenye majivu, sikukiona, nikasema potelea mbali, nitapiga na nyuzi tano. Sikujua kwamba kimebaki ndani ya maji, wala sikujua kwamba maji yale shangazi ameyaweka ya kuongezea mchuzi.

Ndiyo kwanza nimemaliza kufunga nyuzi, hata kujaribu sijajaribu, wakwe wakaingia, wakaketishwa, wakapakuliwa. Mzee Luhende, baba mkubwa wa bwana harusi, akatafuna, akaacha kutafuna, akatoa kitu kinywani akakiweka kiganjani: kiwaya kimejisokota, mwisho wake kipete cha shaba. Akawaonyesha wenzake, mikono ikatoka kwenye sinia mmoja baada ya mwingine. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, ni nani aliyepika.

Shangazi Minza akatoka jikoni anajifuta mikono kwa kanga, macho mekundu kwa moshi wa tangu alfajiri, na nyie mnajua kwetu mama mtu mzima mwenye macho mekundu akikutwa na kitu kama kile huitwa mchawi, haulizwi mara mbili. Wanaume wengine walikuwa wameshainuka. Bibi harusi akaanza kulia. Masanja akanivuta, akaninong'oneza ninyamaze, tutayamaliza baadaye.

Baadaye gani? Nikaenda mpaka mbele ya yule mzee, nikapiga goti, nikampa shikamoo, akaitikia kwa mazoea tu.

"Baba," nikasema, "hicho ni changu. Ni uzi wa gitaa. Niliuchemsha kwenye maji ya mchuzi, na shangazi hakujua."

Akanitazama sana. "Mtu anachemsha gitaa la nini?"

Hapo kuna aliyecheka. Nikajaribu kueleza habari za mlio, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana nimerukwa na akili, maana ilibidi nitamke mbele ya ukoo mzima kwamba wametiliwa jasho la vidole vyangu kwenye nyama. Mzee akasema anataka kuona. Nikaleta gitaa, nikamwonyesha vipete vimepangana mkiani na nafasi moja tupu, akalinganisha na alichokishika, akamrudishia shangazi Minza uso wa kawaida, akamwomba radhi. Lakini mimi hakuniachilia.

"Haya, piga tuisikie hiyo dawa."

Nikachomeka, nikapiga. Blanketi lile lile. Nikainama kutafuta pa kuficha uso, ndipo nikaona kitufe cha mlio, kile cha kupunguza ukali, kimezungushwa chini mpaka mwisho, na aliyelifuta gitaa kwa kanga jana yake ni mimi. Nikakirudisha juu, sauti ikatoka kali hadi mbwa wakabweka.

"Kumbe ulitupikia bure," akasema mzee, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Mama mmoja wa upande wa wakwe akasema ndiyo matokeo ya msichana kushika gitaa. Nikamjibu kwamba kosa lilikuwa la sufuria, gitaa halina kosa, na nikaendelea kupiga wakiwa wananicheka, nyuzi tano, uso unawaka moto, mpaka vicheko vikaisha na watu wakaanza kucheza. Wali uliliwa. Mchuzi hakuugusa mtu.

Tangu siku hiyo nimeapa: nitazungusha vitufe vyote kabla sijalegeza uzi hata mmoja, na sufuria ya mtu siigusi. Walionitaka niape pia kuliacha gitaa niliwaambia wangoje. Bado wanangoja.