Mbili Mara Mbili

Mimi ni mtoa dawa. Miaka kumi na tisa nimekaa nyuma ya dirisha lenye tundu la ukubwa wa sahani, nikiwaona watu kuanzia kidevuni hadi kifuani, na nilijihesabu bingwa kwa sababu foleni yangu ilikuwa inatembea. Naandika bahasha, naisukuma, nauliza "Umeelewa?", najibiwa "Ndiyo", mwingine anasogea. Nasema haya mapema ili mjue kwamba huyu ninayemsimulia, kwa muda mrefu sikumpenda hata kidogo.

Ni muuguzi wa chumba namba nne, chumba cha wagonjwa wa presha na sukari. Mwanamke mfupi, wa makamo, mwenye saa kubwa ya kiume mkononi na viatu vyeupe ambavyo sikuwahi kuviona vichafu. Sisi wafanyakazi tulimbandika jina, Sista Nirudishie. Kosa lake lilikuwa moja tu: hakumruhusu mgonjwa atoke kabla hajamrudishia kwa mdomo wake mwenyewe yale aliyoambiwa. "Umeelewa?" hakuuliza hata siku moja. Alisema swali hilo lina jibu moja tu, na jibu lenyewe ni la adabu. Nani atamkazia macho daktari amwambie sijaelewa? Yeye aliuliza hivi: "Haya baba, ukifika nyumbani, mama watoto akikuuliza umeambiwa nini, utamjibuje?"

Hapo ndipo mgonjwa anapoanza kukuna kichwa, anakohoa, anatazama dari, na huko nje foleni inalala usingizi. Wagonjwa wakitoka kwake wananifikia dirishani wamechelewa, nami naishia kula chakula changu cha mchana saa tisa. Niliudhika, sitaficha.

Tabia hiyo alianza nayo mbali. Alipokuwa muuguzi mpya, mama mmoja alileta mtoto aliyekuwa akilia kwa maumivu ya sikio. Sista akampa chupa na kijiko, akamwambia, "Hii ni dawa ya sikio, kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni. Umeelewa?" Mama akasema ndiyo. Baada ya siku tatu mtoto alirudi sikio limegandamana kwa sukari ya dawa, na sisimizi wameshajua njia. Mama alikuwa hajakosea neno hata moja. Aliambiwa dawa ya sikio, akaitia sikioni. Wauguzi wenzake Sista walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye alisafisha sikio lile kwa saa nzima, mtoto akipiga mayowe, na siku hiyohiyo akakata kauli.

Daktari mkuu wetu si mtu mbaya. Ni mchapakazi, anafika kabla ya mlinzi kufungua geti. Lakini alipenda takwimu, na chumba namba nne kilimharibia takwimu zake.

"Sista, hapa si chekechea," alimwambia mbele yetu. "Wagonjwa tunawaambia, na wao wanaitikia. Unataka nini tena?"

"Nataka wajibu, daktari. Kuitikia wanajua tangu walipozaliwa."

Tuliinamisha vichwa ili tusicheke. Daktari hakucheka. Alitoa wiki mbili za majaribio: mgonjwa akishapimwa na Sista aje moja kwa moja dirishani kwangu, naye abaki kupima presha tu, bila maswali. Foleni ikipungua, basi kwenye kikao cha Ijumaa ya wiki ya pili chumba namba nne kitageuzwa stoo ya mafaili, naye atahamia kwenye kuchemsha vifaa.

Nilifurahi mimi. Hata nilimtania, "Sista, sasa utaiambia mikasi ikurudishie."

"Kaka," akasema, "kwenye chumba kile nitatoka siku nitakayobebwa." Akaenda zake, viatu vikilia kwenye sakafu.

Na kweli foleni ilipungua. Saa tano benchi zilikuwa tupu, na mimi nilikula chakula kikiwa cha moto. Sista alipima presha, akaandika, akanyamaza. Lakini kila nilipopita mlangoni pake nilimwona akiwasindikiza wagonjwa kwa macho, jinsi mama anavyomwangalia mtoto anayevuka barabara.

Siku ya Alhamisi, kesho yake ikiwa kikao, alikuja fundi mwashi mmoja akiwa ameshikwa mkono na mkewe. Paji la uso limefungwa kitambaa. Nilimkumbuka kwa mikono yake, iliyopasuka kwa saruji. Nilimpa dawa za sukari wiki moja nyuma. Sista akamwingiza chumbani kumpima. Mlango ulibaki wazi, na chumba namba nne kinatazamana na dirisha langu, kwa hiyo nilisikia yote.

"Imekuwaje, fundi?"

"Nimeanguka kwenye mtaro wa msingi, dada. Siku nne mfululizo ikifika saa nne natetemeka, jasho la baridi linanitoka. Jana giza likanifunga macho. Vijana wakaninywesha soda ndiyo nikazinduka. Nadhani dawa hizi hatupatani."

Sista alikatazwa kuuliza. Aliuliza.

"Hebu niambie, kule nyumbani ulimwambia mama watoto unazimezaje?"

"Nne asubuhi, kabla sijaenda kazini."

"Nne?"

"Mbili mara mbili," fundi akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemwonea huruma asiyejua hesabu. "Si imeandikwa? Mbili mara mbili ni nne. Hata mwanangu wa darasa la pili anajua."

Kalamu ilinitoka mkononi. Vidonge vinne kwa mkupuo, tumbo tupu, halafu kubeba matofali. Nilikuwa nimetaka ameze viwili asubuhi na viwili jioni. Niliandika mbili, nikaweka alama ya mara, nikaandika mbili, kama nilivyoandika kwa miaka kumi na tisa. Mtu ambaye maisha yake yote anapiga hesabu ya mchanga na saruji, ungetaka afanye nini akiona alama ile? Na nilimuuliza kama ameelewa, naye akaniambia ndiyo.

Sista alimpima sukari, akampeleka kwa daktari wa zamu, akahakikisha amekula. Ndipo akaja dirishani na bahasha. Akaiweka kwenye tundu.

"Mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Kesho nitaulizwa nina ushahidi gani. Ushahidi ni huu. Lakini una jina lako, na mimi sijaja kumwaga unga wa mtu. Ukisema nisiutoe, sitautoa. Nitapigana na mdomo mtupu."

Nilitaka anitukane. Angenitukana ningejitetea, na kujitetea najua sana. Nikamwambia niachie bahasha, nitafikiri. Nilifikiri nikifunga dirisha, nikafikiri njiani, na nilipofika nyumbani mke wangu akaniuliza leo kazini kulikuwaje. Nikamwambia salama.

Ijumaa tulikaa kwenye ukumbi mdogo, watu kumi na wanne. Daktari mkuu alisoma takwimu zake, kisha akasoma ratiba mpya ya zamu, ndefu, ya pande mbili za karatasi. Akamaliza. "Mmeelewa?"

"Ndiyo, daktari!" tukaitika kwa sauti moja.

Sista akanyoosha mkono. "Daktari, naomba umchague yeyote akurudishie."

Daktari akamtazama, akaona mtego, lakini keshaingia. Akamwonyesha mtu wa maabara. Mtu wa maabara akataja zamu yake mwenyewe, nayo akaikosea. Akaonyeshwa mwingine, huyo akatazama dari kama wagonjwa wa chumba namba nne. Watu wakaanza kucheka kwa kujificha.

"Hilo ni la ratiba," daktari akasema, uso umemkunjamana. "Ratiba haiui mtu. Nionyeshe mgonjwa mmoja aliyedhurika wiki hizi mbili."

Sista hakujibu. Hakunigeukia hata kidogo. Alikuwa ameahidi, akakaa na ahadi yake, mikono juu ya mapaja, akitazama mbele. Chumba chake kilikuwa kinamponyoka na mdomo hakuufungua. Sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu dakika ile, na sijawahi kujichukia hivyo.

Nikasimama.

"Yupo," nikasema. "Ni fundi mwashi. Nilimwandikia mbili mara mbili, akazidisha. Mwandiko huu ni wangu." Nikaipitisha bahasha. Ikapita mkono hadi mkono, na kila aliyeishika alisoma, akaisogeza haraka kwa jirani, kwa sababu kila mmoja alijua amewahi kuandika hivyohivyo.

Daktari aliishika muda mrefu. Aliigeuza, akaigeuza tena. Mwishowe akavua miwani.

"Nimekosea," akasema. "Chumba namba nne kinabaki. Dirishani nako waulizwe, na bahasha ziandikwe kwa maneno: viwili asubuhi, viwili jioni. Hata mimi mezani kwangu nitauliza. Tunaanza Jumatatu. Mmeelewa?"

Hakuna aliyeitika. Kumi na watatu tulitazamana.

Daktari akaguna, karibu acheke. "Haya, mtoa dawa. Nirudishie."

Nikamrudishia neno kwa neno: chumba kinabaki, dirishani tunauliza, tunaandika kwa maneno, naye atauliza, tunaanza Jumatatu.

"Hapo mwisho hapana," Sista akasema. Alikuwa ameshasimama, saa yake kubwa mbele ya macho. "Tunaanza leo. Wako watu ishirini na mmoja kwenye benchi, kaka. Twende."