Soksi ya Tanga la Mwalimu

Kushona turubai nimejifunza mwenyewe. Video za kwenye simu, mkasi, na vidole vyangu kutobolewa na sindano mpaka vikazoea. Ila cherehani ilikuwa ya Mama, dukani kwake pale Ilomba, na Mama siyo aliyenizaa. Nilitoka Iringa nimegombana na kila mtu, yeye akanivutia kiti akasema, "Hasira zako ziache mlangoni, humu ndani kuna kazi." Ndo maana mpaka leo mtu akimsema Mama vibaya, mimi nawaka.

Kazi yetu ni maturubai ya malori, yanayobeba mpunga wa Usangu na viazi. Siku moja akaingia mwalimu mstaafu, Mhehe mwenzangu. Nikamsalimia kwa lugha yetu, "Kamwene," akafurahi utadhani kakutana na ndugu. Alikuwa na boti ya tanga kule Matema, Ziwa Nyasa. Akatueleza kwamba tanga la mbele halishushwi. Linaviringishwa kwenye waya, linakaa hapo hapo mwezi mzima, na ule mzunguko wa nje ndo unaoliwa na jua. Alikuja na kipande kilichong'oka pembeni. Nikakikuna kwa kucha, kikatoa unga.

"Ninalo hili moja tu," akasema. "Nililetewa na rafiki, naye keshaondoka nchini. Likichanika, boti yangu inabaki banda la kuku."

"Mwalimu, mimi navalisha semitrela," nikamwambia. "Hicho kifimbo chako cha tanga kitanishinda?"

"Mteja hapimwi kwa mdomo," Mama akasema. "Chukua futi."

Nikashona soksi ndefu ya turubai ya kulivalisha tanga likiviringishwa, kwa vipimo alivyokuja navyo Mwalimu, ya kupandishwa juu kwa kamba, ikifungwa kwa zipu kutoka chini mpaka juu. Juu ya zipu nikaweka mkunjo wa kuikinga na mvua, na mdomo wa ule mkunjo nikauelekeza nyuma. Kwenye malori ndo tunavyofanya. Lori linaenda mbele, upepo unatoka mbele, unaubana mkunjo wenyewe. Sikufikiria hata sekunde moja, mikono ilienda yenyewe. Mwalimu akabeba mzigo wake akaondoka anapiga mluzi.

Mvua kubwa zilipoanza, akapiga simu. Mama akaweka sauti ya nje.

"Mama, ile soksi imejaa upepo kama puto! Zipu imeachia mpaka katikati, tanga limeanza kujifungua. Hapa nimelizungushia kanga za mke wangu. Nani alishona hiki kitu?"

Nikapaniki. "Mwalimu, umefunga vibaya! Sisi kazi yetu..."

Mama akaziba simu kwa kiganja, akaniangalia mpaka nikanyamaza. Kisha akasema kwa upole, "Nimekosea mimi, Mwalimu. Kesho tunakuja."

Yaani hapo ndo nikakasirika kweli kweli. Simu ilipokatika nikamfokea, mimi huyo huyo niliyekosea. "Mama, kwa nini ujishushe? Si ungesema ni mimi?"

"Wewe uko kwenye duka la nani?" akaniuliza. "Basi mkono wako ni mkono wangu. Beba sindano za mkono na uzi mnene, na mdomo uuache huku."

Tulipofika Matema nilielewa kabla sijaambiwa na mtu. Boti ilikuwa imevutwa juu ya mchanga, pua inatazama milimani, mkia unatazama ziwani. Na dhoruba zinatoka ziwani. Upepo ulikuwa unaingia moja kwa moja kwenye ule mdomo nilioushona mimi.

"Lori lako linaenda rivasi," Mama akaniambia. Mke wa Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. Na mimi, na hasira zangu zote, nikacheka.

Sikuugeuza tu ule mdomo, maana boti ikiwa majini inazunguka, upepo unakuja kutoka popote. Tulikaa kwenye mchanga, Mama upande mmoja, mimi upande mwingine, tukashona mikunjo miwili inayolaliana. Halafu tukazungusha kamba kutoka chini mpaka juu, tukaibana soksi ikakaa kama ngozi. Chini kabisa tukaacha tundu la wavu, tanga likilowa lipate kukauka.

Saa tisa mchana ziwa likawa jeusi, mvua ikaja inakimbia juu ya maji. Tulijibanza barazani kwa Mwalimu. Mwalimu hakukaa. Alisimama ameshika nguzo, anatazama waya wake. Soksi ilivuma, ikatetemeka, nikajikuta nimeshika gauni la Mama. Haikujaa.

Mvua ilipokatika Mwalimu akailegeza kamba mwenyewe, akaivua soksi, akalifungua tanga taratibu, akiupapasa ukingo kwa vidole. Hakuna mpasuko. Akaniita, "Njoo, binti, panda." Mama hakutaka hata kusikia, maji anayaogopa kuliko mimi ninavyomwogopa yeye. Tulivyoisukuma boti na tanga likajaa, nilimsikia kule ufukweni anapiga kelele, "Mwalimu, nirudishie mtoto wangu mzima!"

Nilikaa karibu na mlingoti, natazamana na maji ili Mwalimu asinione ninavyolia. Mtoto wangu, kasema hivyo, mbele ya watu wote.