Mjane Aliyeandika Kuhusu Vikuku Vyekundu

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya kutunza wazee, huko Louisville, Marekani, nilifika na digrii ya sosholojia na viatu visivyofaa. Msimamizi wa zamu, mama wa Bukavu, alinifunga kiunoni ule mkanda mpana tunaomshikia mzee anapoinuka, akanisimamisha na kunikalisha mpaka nikaelewa unavyobana.

"Bon, dada, maswali yako ni mingi," alisema kwa Kiswahili cha kwao, aliponisikia nikimhoji mzee mmoja. "Mzee anakuwaka mtu, hapana mtihani."

Nilimwona mkali bure. Nikahamia Columbus, nikapanga chumba mtaa wa Clintonville, nikaanza kuwahudumia wagonjwa majumbani mwao. Mratibu wa huko alijali saa za kuingia na kutoka tu. Mwaka 2015 nilikuwa Buffalo, nikapangiwa Bibi Sabitra wa mtaa wa Kensington-Bailey, Mnepali, mwalimu mstaafu mwenye Kiingereza safi.

Mke wa mwanawe, Mina, alijivunia kumtambulisha. Kwao mwanamke akifiwa na mume huvunjwa vikuku, hukatazwa nyekundu, huvaa nyeupe mpaka kufa. Bibi alikuwa ametunga shairi la kumwambia mjane avae nyekundu yake, na katika kambi ya wakimbizi walikotoka kila mwanamke alilijua. Sasa wanawake wa Kinepali wa mjini walimwalika alisome kwenye sikukuu yao.

Asubuhi ya sikukuu nilikuwa namwogesha. Sari nyeupe ilikuwa imetundikwa mlangoni.

"Bibi, wajane wenzako umewaambia wavae nyekundu. Mbona wewe nyeupe?"

Maji yalimchuruzika mgongoni.

"Nilimwogopa mama mkwe," alisema. "Mwanafunzi wangu mmoja alinisikiliza, akavaa. Wakwe zake wakamfukuza, watoto wakabaki nao."

"Na wewe?"

"Mimi nilisifiwa." Akavuta taulo. "Mwambie Mina siendi."

Mina alimbembeleza tangu bafuni mpaka sebuleni. "Mama, watu wametoka mbali! Nitawaambia nini, kwamba umeshikwa na mafua?"

Mwishowe alikwenda, kwa nyeupe yake. Mbele ya ukumbi hakusoma kitu. Alisema kwa Kinepali, Mina akinitafsiria kwa sauti ya chini: "Niliwaandikia jambo ambalo mwenyewe sikuthubutu. Wengine waliumia kwa ajili yangu. Nisameheni."

Kisha bibi mmoja aliyevaa nyekundu akainuka kutoka katikati ya viti.

"Mwalimu, mimi nilifiwa na mume kambini," alisema, Mina akiendelea kunitafsiria. "Ungevaa, usingevaa, mimi ningevaa tu. Unafikiri tulikuwa tunakungoja wewe? Keti, miguu yako mibovu."

Watu wakaangua kicheko. Bibi yule akalisoma shairi lote kwa moyo. Bibi Sabitra alijifunika uso kwa ncha ya sari, lakini niliona midomo yake ikimfuata nyuma kidogo, kama mtoto anayejifunza.

Niliiacha kazi hiyo mwaka uliofuata. Wadogo zangu wanaoianza sasa hunidadisi, nami huwaeleza namna ya kumgeuza mgonjwa kitandani, namna ya kumlisha asipaliwe. Hilo la bafuni siwaelezi kirahisi. Swali langu lilikuwa la haki. Bado naamini hivyo. Ila nilimuuliza akiwa uchi kwenye kiti cha kuogea, sabuni mwilini, mkono wake begani kwangu. Angekuwa na nguvu za kuinuka na kuniacha pale, sijui kama ningemuuliza.