Kamera ya Norbert Ilipokuwa Ikizimika

Zamani mji mzima wa Uvira ulijua tabia ya kamera ya Norbert, mpiga video wa harusi. Ikirekodi kama dakika kumi na mbili inajizima yenyewe, hata awe askofu anayezungumza. Watu wakazoea. Taa nyekundu ikizimika, msemaji ananyamaza, mashangazi wanaanzisha wimbo, wanaimba mpaka Norbert ainue kidole kwamba iko tayari. Harusi iliyokosa wimbo wa kamera ilionekana imepoa. Apolline akikumbuka hayo hucheka, halafu kicheko hukatika.

Maana kamera hiyohiyo ndiyo iliyorekodi harusi yake. Baba yake, mzee Léopold, alisimama mbele ya wakwe akatoa nasaha zile za kila mzazi: ndoa ni uvumilivu, ya ndani usiyatoe nje. Kamera ikazimika. Mashangazi wakaimba. Chini ya wimbo ule, wakwe wasisikie, mzee akamwinamia sikioni: "Apolline, bakikutesa kule, urudie. Mulango weye unaujua. Hatutakuuliza kitu." Kwenye video utamwona bibi harusi mwenye macho makavu, picha inaruka kidogo, kisha bibi harusi yuleyule anafuta machozi. Mzee sasa ni marehemu. Maneno yake Apolline anayo, ila sauti iliyoyasema imemtoka kichwani, na hilo linamuuma mpaka leo.

Norbert alipochoka macho alimwachia Apolline, msaidizi wake, kazi pamoja na kamera. Ndipo Apolline akagundua kwenye simu kikundi cha watu wa nchi mbalimbali, wanaotunga programu yao wenyewe ya kuendesha kamera za zamani ili zirekodi bila kukatika. Walitafuta wenye kamera kama yake waijaribu na kuwaeleza ilivyokwenda. Unaiweka kwenye kadi ya kamera, unajaza betri, unaomba Mungu. Mara ya kwanza nyuso zote zilitoka kijani. Mara ya pili kamera iliganda bandarini Kalundu ikirekodi wapakuzi, mpaka akaichomoa betri.

"Weye utaniulia kamera!" Norbert alilalamika.

"Yako? Si ulinipa, papa?"

Kila kasoro aliwaandikia kwa Kifaransa chake cha shule, nao wakarekebisha, wakatuma nyingine.

Toleo jipya lilifika wakati Ornella, mdogo wake wa mwisho, anajiandaa kuolewa. Kikundi kilikuwa na onyo moja: usijaribie kwenye shughuli isiyoweza kurudiwa. Apolline alilisoma vizuri, akalipuuza. Mzazi aliyebaki ni mama Pudentienne peke yake, naye ndiye angetoa nasaha. Safari hii Apolline alizitaka zote, bila pengo. Hakumwambia mtu, maana ingegoma angechekwa mtaa mzima.

Siku ya harusi alimbandika mama kipaza sauti kidogo kwenye kitenge. Mama akasimama, akaanza: ndoa ni uvumilivu, ya ndani usiyatoe nje. Jasho likamtiririka Apolline, macho kwenye taa. Muda wa kuzimika ukapita, taa ikabaki inawaka! Alitamani kupiga vigelegele.

Lakini mama alikuwa amekaa kwenye harusi nyingi mno, kipimo cha kamera ile kilishamwingia mwilini. Akanyamaza mwenyewe. Mashangazi, bila kuangalia taa wala nini, wakaanzisha wimbo. Apolline alifungua mdomo aseme kamera haijazimika, kisha akaona mama anamwinamia Ornella. Kwenye visikilizi alivyovaa masikioni akasikia kila neno.

"Ornella, bakikutesa kule, urudie. Mulango weye unaujua. Hatutakuuliza kitu."

Apolline alishika miguu ya kamera kwa mikono miwili, akalia kama mtoto. Kumbe maneno yale hayakuzikwa pamoja na baba.

Baadaye aliwaandikia wale wa kikundi kwamba imerekodi mpaka mwisho, haina kasoro. Wakafurahi sana. Kisha akakaa kwenye kompyuta kuandaa video ya wakwe wa Ornella. Ilitiririka bila kukatika, kitu alichokihangaikia miaka yote hiyo. Alipofika kwenye wimbo, akakata pale mama anapoinama, akaunganisha pale Ornella anapofuta machozi. Rekodi nzima akaitia kwenye kadi ndogo, akampa Ornella mkononi.

Wakwe walipoitazama, baba mkwe akacheka.

"Kumbe kamera yenu iko inazimika mpaka leo?"

"Iko inazimika, papa," Apolline akajibu.